Korongo Aliyetazama Kushoto

Bwana Tai alikuja kuulizia kitabu chake kimefikia wapi, akaondoka amewasha moto bila kujua.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua kiberiti, na jina lake la kweli lilishasahaulika humo kiwandani. Siku hiyo shavu lilikuwa limemvimba, akawa anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Aliinama juu ya mashine ya chapa, mikono kaifunga nyuma kama alivyokwisha kukanywa, akautazama ubao uliobanwa pale, wino ukiwa bado mbichi. Ubaoni alichongwa korongo amesimama kwa mguu mmoja katikati ya matete, shingo kaipinda, unyoya mmoja wa kishungi umevunjika na kuning'inia.

"Huyu ndege tunajuana," alisema.

"Mnajuana wapi?" aliuliza Bi Risasi.

"Kwa daktari wa meno. Yuko ukutani, kwenye fremu. Nimekaa naye asubuhi nzima nikisubiri zamu yangu. Nikasema, kumbe vitabu vimeshatoka, mimi tu ndiye niliyesahauliwa."

Bi Risasi alicheka, kicheko cha mdomoni tu. "Korongo wako wengi, Bwana."

"Wenye unyoya uliovunjika hapo hapo?" Bwana Tai alijishika shavu. "Haya, labda. Jino likiuma mtu huona mengi."

Akaaga na kwenda zake. Bi Risasi alibaki na rola mkononi, amesimama tu, wino unamkaukia.

Ili ujue kwa nini habari ya picha moja ukutani ilimkata maini, ni lazima ujue kazi yenyewe. Kiwanda kilikuwa cha baba yao: chumba cha mbele chenye mashine ya chapa na masanduku ya herufi za risasi, chumba cha nyuma chenye meza ya kuchongea chini ya dirisha, na ng'ambo ya ua chumba cha Shangazi, dada wa baba, aliyekuwa akishona nguo za watu. Baba alipofariki, binti alishika herufi na mashine, ndiyo maana wakamwita Bi Risasi, ingawa wapo waliosema jina lilitokana na ulimi. Mdogo wake alishika patasi na visu vya kuchongea. Yeye walimwita Nukta tangu utotoni, kwa udogo wake, na jina likamfaa zaidi alipoanza kuchonga, maana alikuwa na subira ya kutoa manyoya ya ndege nukta kwa nukta.

Vitabu vyao havikuwa vya kujaza madukani. Walitoa kimoja, wakapumzika, wakatoa kingine: karatasi nene ya kutengenezwa kwa mkono, maneno yamepangwa herufi moja moja, picha zimechongwa kwenye mbao ngumu. Nakala chache, kila moja na namba yake. Na kulikuwa na desturi ya nyumba. Karatasi ya mwisho ikishapigwa, watu wote wa nyumbani husimama kuizunguka meza, na mchongaji, yeye mwenyewe na si mwingine, huukata ubao wake msalaba kutoka pembe hadi pembe, usipigwe chapa tena milele. Waliita kuuaga ubao. Baba alikuwa akivua kofia.

Kitabu cha safari hii kilikuwa cha Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyelizunguka bwawa moja nje ya mji tangu ujana wake, akiandika kilichoota, kilichotaga na kilichokufa. Nakala sitini. Mwalimu alikubali kutoa maandishi yake kwa sharti moja tu, na alilisema amesimama mlangoni na mwavuli wake, bila kutabasamu. Kuna mtu alishawahi kuandika gazetini habari za bwawa hilo, na wiki iliyofuata wakaja watu na manati, maspika na mbwa. Kwa hiyo kila nakala alitaka aijue inakwenda kwa nani. "Siku nitakayomwona korongo wangu nje ya kitabu," alisema, "nayachukua maneno yangu na kwenda nayo. Na nitawaambia watu kwa nini."

Hilo ndilo alilolihofia Bi Risasi. Kwa kiwanda kama chao, neno la nakala sitini ndilo mtaji. Likitiliwa shaka mara moja, hakuna atakayewaamini tena, na mashine ya baba itaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hakumwambia mtu. Kesho yake akajifunga kitambaa shavuni, akaenda kwa daktari wa meno.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, feni inayolalamika, na magazeti ya zamani yaliyokwisha kuchanwa chemshabongo. Na juu ya kichwa cha mama mmoja aliyesinzia, ndani ya fremu ya dhahabu bandia, alisimama korongo. Ni yeye. Mguu ule ule mmoja, unyoya ule ule, kichwa kimetazama kushoto kuelekea mlangoni, vile vile alivyozoea kumwona kila siku. Rangi ilikuwa hafifu, kijivu badala ya nyeusi. Chini yake uliandikwa mstari wa Mwalimu ambao Bi Risasi mwenyewe aliupanga kwa vidole vyake: *Kimya cha bwawa huanza kwa ndege huyu.* Aliusoma mara moja tu, kwa haraka.

Akaanza kupiga hesabu pale pale. Wino hafifu: mtu aliyeiba kwa haraka, hakupaka rola mara mbili. Karatasi nyembamba: mwizi mwenye akili, anajua karatasi nene huhesabiwa. Mtu wa kazi, basi. Mtu anayejua.

"Mgonjwa!" aliita daktari.

Hakuwa na jino bovu hata moja, lakini alikwishaingia. Daktari alimlaza kitini, akamfungua mdomo, akaingiza vyuma viwili na pamba.

"Ile hicha ya ndehe," alijitahidi Bi Risasi, "umeihata wahi?"

"Picha? Si ya kwenu ile?" alijibu daktari kwa furaha, akigonga jino moja baada ya jingine. "Mke wangu ndiye aliyeileta. Alipewa na mtu wa nyumbani kwenu. Nilidhani unajua. Hapa unaumia?"

"Aaah!"

"Basi tutaling'oa."

Aliponyoka kwa shida, meno yake yote mdomoni, na maneno yale yamemganda kichwani. Mtu wa nyumbani kwenu. Nyumbani kwao walikuwa watatu. Shangazi hajui hata kopo la wino linafunguliwa upande gani. Akiingia chumba cha mbele hukunja gauni kama anavuka tope. Yeye mwenyewe Bi Risasi si mwizi. Akabaki mmoja.

Mtu mwingine angemwita mdogo wake, wakakaa, akamwuliza. Bi Risasi hakuwa mtu mwingine. Alimpenda Nukta, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, alimfunga kamba za viatu na kumpigania shuleni. Kwa sababu hiyo hiyo, hakutaka kuuliza mpaka awe ameshika kitu mkononi, maana akimwuliza na Nukta akamdanganya, hangejua aufanye nini moyo wake. Akaamua kuchunguza kimya kimya.

Alihesabu karatasi nene. Zilitimia zote, zilizopigwa na zilizobaki. Mwingine angeshusha pumzi. Yeye alizidi kuwaka. Si ndiyo hivyo, alijisemea, anajua nitahesabu. Alifunga uzi mwembamba kwenye mkono wa mashine jioni alipoondoka, asubuhi akaukuta haujakatika. Ameshajua na kuuvuka, alijisemea. Mambo yalivyozidi kuwa sawa ndivyo alivyozidi kuona njama.

Akaanza kumtazama Nukta mwenyewe, na hapo ndipo alipopata mavuno. Mkono wa kulia. Kila akigeuka anaukuta mfukoni. Nukta akisimama, mkono mfukoni; akiongea na wateja, mkono mfukoni; akipita kwenye meza ya dada yake, mkono unazama kama panya anayeingia shimoni. Anaficha nini mle? Tena chai. Tangu wakiwa watoto walikunywa chai ya saa nne pamoja, wameegemea mashine, wakimsengenya Bwana Tai. Siku hizi Nukta alichukua kikombe chake akaenda kunywea nyuma, mlango kaufunga. Mtu mwenye dhambi hawezi kunywa chai akitazamwa usoni, ndivyo Bi Risasi alivyoamua. Na rola je? Zamani walipokezana kupaka wino. Sasa ikifika zamu yake, bega linamwuma.

"Bega gani?" alimwuliza siku moja.

"Hili," alisema Nukta, akagusa la kushoto.

"Jana lilikuwa la kulia."

"Limehama," alisema Nukta na kucheka kidogo. Dada yake hakucheka.

Kuna jambo jingine lililomrudia usiku kitandani likamtoa usingizi. Ubao wa korongo Nukta aliuchonga kwa muda mrefu kuliko mbao zote alizowahi kuchonga. Alijifungia chumba cha nyuma, hataki kuonwa, chakula anaachiwa mlangoni. Wakati ule Bi Risasi alijivunia, akamsifu kwa wateja. Sasa alijiuliza: aliyejifungia muda wote ule, alichonga ubao mmoja au miwili?

Alhamisi ikafika. Alikwisha kuona kwamba kila Alhamisi Nukta na Shangazi hutoka pamoja, wakisema wanakwenda kutazama vitambaa. Nukta na vitambaa! Mtu aliyevaa shati moja mpaka kola ikawa na meno. Bi Risasi aliwaacha watangulie, akafunga kiwanda, akawafuata kwa mbali, anajificha nyuma ya nguzo na mikokoteni, mwanamke mzima wa heshima zake. Akaona Shangazi kabeba kitu kwapani: msokoto wa karatasi nyembamba, umefungwa kwa utepe.

Kumbe na Shangazi yumo.

Wakaingia kwenye jengo moja refu lenye vibao vingi mlangoni. Alipofika chini ya vibao hivyo walishapanda ngazi. Akavisoma akihema: kinyozi, wakili, daktari wa mishipa ya fahamu, mtengenezaji wa fremu za picha. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye cha mwisho na kubaki hapo. Fremu. Hakuhitaji kusoma tena. Akarudi nyumbani, anajizuia kulia njiani kwa sababu alikuwa akifahamika mtaa ule.

Ijumaa saa kumi Mwalimu angekuja kuona kazi ikimalizwa na kutia sahihi. Zilibaki karatasi kumi na kitu za korongo, hizo tu, kisha ubao ungeagwa. Asubuhi hiyo Nukta alikwenda kuchukua ngozi ya majalada, na Shangazi alikuwa sokoni. Bi Risasi akabaki peke yake na korongo.

Alikaa mbele yake kwa muda. Akafikiri: tukimaliza zilizobaki, Nukta atauaga ubao huu mbele ya Mwalimu, atavua kofia kama baba, na ubao pacha uko mahali unaendelea kupiga. Nitasimama pale nikishuhudia uongo nyumbani kwa baba yangu. Akafikiri tena: na kama hakuna pacha, basi ni huu huu unaopigwa kwa siri, na ukifa leo wizi umekufa nao. Kitabu kitapungua nakala. Afadhali kipungue kuliko kiibiwe. Na akitaka zitimie sitini, achonge mwingine mbele ya macho yangu. Mikono si anayo?

Akachukua kisu cha kuchongea kutoka meza ya Nukta, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Akakata kutoka pembe ya juu hadi ya chini. Mbao ngumu, kisu kiliruka mara mbili. Akakata tena kutoka pembe nyingine. Mfereji ulipita shingoni mwa korongo na kukutana na mwenzake kifuani. Akaufunika ubao kwa kitambaa cha kufutia wino, akaenda kunawa, na mikono ilikuwa ikimwuma hadi viwikoni.

Bado alitaka kitu cha kushika. Akavuka ua, akaingia chumba cha Shangazi bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Chini ya cherehani, ndani ya kikapu, aliukuta ule msokoto wa karatasi. Akaukunjua. Kati ya vipande vilivyokatwa umbo la mikono na makwapa ya gauni, alikuwapo korongo mzima, hafifu, kijivu, anatazama kushoto, na mstari wa Mwalimu chini yake.

Nukta na Shangazi waliporudi, karibu wakati mmoja, walimkuta amesimama mbele ya mashine kama askari.

"Hii nini?" aliuliza, akaitupa karatasi mezani.

Shangazi akatazama. "Si karatasi zangu za kukatia nguo, ninazopimia vitambaa dukani? Umeingia chumbani kwangu?"

"Shangazi, nakuheshimu sana, lakini leo niache. Nukta. Nakuuliza wewe. Huyu korongo nani kampiga chapa?"

Nukta aliisogelea karatasi, mkono mfukoni. Alikunja uso, akamtazama dada yake, akaitazama tena karatasi. "Hakuna aliyempiga. Hii shashi, Dada. Hizi si ndizo tunazoweka katikati ya karatasi zikitoka mashineni, zisichafuane kwa wino? Shangazi huziokota kwenye boksi la takataka."

"Tangu enzi za baba yenu," alisema Shangazi. "Mlitaka nikakate magauni ya watu kwa magazeti?"

"Usinifanye mtoto," alisema Bi Risasi. "Shashi huchafuka. Hii si uchafu, hii ni picha. Na maneno yake yapo."

"Yasome," alisema Nukta.

"Nini?"

"Hayo maneno. Yasome kwa sauti."

"*Kimya cha bwawa huanza kwa ndege huyu,*" alisoma Bi Risasi bila hata kuinama.

"Shangazi, nawe soma."

Shangazi alivaa miwani, akaisogeza karatasi, akaitenga, akageuza kichwa mpaka kikakaribia kulala begani. "Mimi haya sijawahi kuyasoma. Mke wa daktari wa meno naye aliniuliza ni lugha gani, nikamwambia ni mapambo tu. Alimpenda ndege, nikampa. Kwani kuna ubaya?"

Nukta alichukua kwa mkono wa kushoto karatasi mojawapo nene, nakala ya kweli, akailaza kando ya shashi. Korongo wawili wakawa wanatazamana, mdomo kwa mdomo. Wa kitabuni alitazama kulia na maneno yake yalikaa sawa. Wa shashi alitazama kushoto na maneno yake yalianzia kulia, kila herufi imegeuza mgongo, maana ni wino mbichi wa nakala uliogandia shashini.

Bi Risasi alikuwa akipanga herufi za risasi tangu akiwa msichana. Herufi za risasi hukaa kinyume, na yeye alikwisha kuzisoma kinyume miaka mingi mpaka macho yake yakaacha kujua lipi kinyume lipi sawa. Na korongo aliyemjua yeye alikuwa wa ubaoni, aliyempaka wino kila asubuhi akiwa ametazama kushoto. Karatasi zikitoka alikagua madoa tu na kuziweka juu ya nyingine. Mtoto yeyote wa shule angeingia kwa yule daktari na kuona kwamba maandishi yako kinyume. Yeye mwenye kazi ndiye ambaye hakuweza.

Aliisogeza shashi kando ya nakala, pembe kwa pembe.

"Ulidhani ni mimi," alisema Nukta polepole. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa kama mtu aliyegongwa na anatafuta alipogongwa. "Dada. Ulidhani naiba?"

"Mkono," alisema Bi Risasi. "Mkono wako mfukoni. Na chai. Na Alhamisi..."

Shangazi alivuta pumzi na kumtazama Nukta. "Mwambie sasa. Nilikwambia tangu mwanzo umwambie."

"Nitamwambia tukishamaliza kitabu, ndivyo tulivyokubaliana." Nukta alijifuta uso. "Haya, yaishe. Tutagombana vizuri kesho. Mwalimu yuko njiani, tupige hizo zilizobaki." Akanyoosha mkono wa kushoto na kuvuta kitambaa kilichofunika ubao.

Mtaani mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye tairi bovu, wakausikiliza mpaka ukaisha.

Kisha Nukta akatoa mkono wa kulia mfukoni. Aliutoa ili auguse mfereji ule, nadhani hata hakukumbuka kwamba dada yake anatazama. Mkono ulikuwa unatetemeka. Si kutetemeka kwa hasira wala kwa baridi. Vidole vilicheza vyenyewe, bila kukoma, kucha zikigonga ubao tik tik tik kama ndege anayedonoa dirisha. Alijaribu kuutuliza kwa ule wa kushoto, ukaendelea chini yake.

"Daktari wa mishipa anasema hautarudi," alisema Shangazi kwa niaba yake. "Ndiyo Alhamisi zetu. Alimaliza huyu ndege kwa kuufunga mkono kwenye meza kwa kamba, mimi ndiye niliyekuwa nikiifunga."

"Nilitaka awe mzuri," alisema Nukta. "Kwa kuwa ni wa mwisho."

Bi Risasi alikaa chini, juu ya boksi la takataka lenye shashi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata alipokufa baba. Alisema nisamehe mara nyingi, na kila alipolisema liliona aibu kutoka. Nukta hakumwambia kwamba hamna neno. Lilikuwapo neno. Alivuta stuli akakaa kando yake, bega kwa bega, akiutazama ubao.

"Hata hivyo kisu umekishika vibaya," alisema hatimaye. "Kimeruka. Ona."

Mwalimu alifika na mwavuli wake saa kumi kamili. Walimwamkia, akaitikia, akatazama nyuso zao na kuuona ubao. "Nani ameukata?"

"Sisi," alisema Nukta.

"Mimi," alisema Bi Risasi. Akamweleza yote pale pale, akiwa amesimama: daktari wa meno, shashi, uzi kwenye mashine, kisu. Hakuficha kitu wala hakujipaka mafuta. Alimwambia pia kwamba korongo wake alikuwa nje ya kitabu, tena kwenye fremu ya dhahabu bandia, na kwamba ana haki ya kuyachukua maneno yake.

Mwalimu alipitisha kidole juu ya nakala nene. Kisha akaichukua shashi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa nyuma. "Huyu anasomeka nikiwa upande huu," alisema. "Huu ni uchafu wa kazi, si nakala. Wa kwa daktari nitamfuata mwenyewe, hata hivyo nina jino bovu." Akageuka kwa Nukta, akautazama mkono wake, ambao safari hii haukwenda mfukoni. "Zilizokwisha kupigwa zinatosha. Andikeni idadi ya kweli, niweke sahihi."

Bi Risasi alirudi kwenye masanduku yake ya herufi. Neno *sitini* alilokwisha kulipanga ukurasa wa mwisho alilivunja, akapanga idadi iliyopungua, na chini yake akaongeza mstari mmoja kwamba ubao wa korongo ulikatwa kabla ya wakati na mpiga chapa, bila haki. Nukta aliusoma ukiwa bado wa risasi, kinyume, kwa taabu, herufi kwa herufi. Alimwomba dada yake aondoe *bila haki*. Bi Risasi alikataa.

Walipomaliza, Shangazi alileta birika. Nukta alizoea kuchukua kikombe chake na kwenda nyuma, na mguu mmoja ulikwisha kunyanyuka. Bi Risasi alichukua kikombe kikubwa kuliko vyote, akamimina chai nusu tu, akakisukuma mpaka kando ya mashine, pale walipozoea kuegemea.

Nukta alikitazama kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, kikagongagonga meno yake, akanywa mbele ya dada yake, na dada hakugeuza macho.